Mikono Juu ya Meza

Mama Constance alikuwa mtu wa haya. Nalisema hili mapema, ili msomaji atakapomwona akifanya alichokuja kukifanya mbele ya macho ya watu wote, asimdhanie mwanamke wa mikogo. Alizaliwa Nyangezi, akaolewa Bukavu, akamzika mumewe mapema, na tangu hapo riziki yake ikawa sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa, alivyoviuza soko la Kadutu akiwa amekaa kimya nyuma ya sinia lake. Wenzake hupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Yeye hakumwita mteja hata siku moja. Watu walimjia kwa sababu hakuchanganya samaki wa jana na wa leo, na hilo Kadutu si jambo dogo.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Mélanie, msichana wa maneno mengi, utadhani alirithi na yale yote ambayo mama yake hakuyatumia. Mélanie aliolewa na Gentil, seremala kutoka Luhwindja, kijana aliyeyakimbia mashimo ya dhahabu ya kwao baada ya kuona wenzake wakifukiwa, akaja mjini kujifunza kazi ya mbao. Walikuwa bado hawajapata mtoto. Lakini walikuwa wakicheka sana wale wawili, na nyumba yao ya mabati kule mlimani ilisikika kabla hujaifikia.

Sasa nieleze habari ya ukwe, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Huko kwao Constance, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Si chuki, wala si hofu. Ni heshima, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyozidi kusimama mbali. Mama yake Constance aliwahi kukutana na mume wa Constance kwenye kijia chembamba cha migombani, kikapu cha viazi kichwani. Badala ya kupita karibu naye alishuka mtaroni, tope likamfika magotini, viazi vikamwagika, akabaki humo akipiga makofi ya salamu taratibu mpaka kijana akapita. Kisa hicho alikisimulia kwa majivuno mpaka siku anakufa.

Mjini wengi wameyaacha hayo. Siku hizi utamwona mama mkwe anapigwa busu mashavuni, kulia, kushoto, kulia tena, na wote wanacheka. Constance hakuyaacha, na Gentil, kwa bahati, naye hakuyaacha. Mama mkwe alipowatembelea, Gentil aliinuka kwenye kiti, akasimama mlangoni, akaongea naye huku anautazama ukuta; naye Constance akamjibu huku anatazama pindo la kitenge chake. Paa la Constance lilipovuja, Gentil alipanda kulitengeneza bila kuombwa. Aliposhuka alikuta bugali na samaki vimefunikwa juu ya jiwe nje, na mwenyeji hayupo, kajificha kwa jirani. Hivyo ndivyo walivyopendana, na mimi sijaona mapenzi ya mkwe yaliyo safi kuliko hayo.

Kisha mbao zilipotea mahali Gentil alipokuwa akifanya kazi. Mwenye kazi alimtaja yeye, akachukuliwa aende kuhojiwa kidogo tu. Hicho kidogo tu kilipitisha msimu mzima wa mvua. Hakuhukumiwa wala hakuachiliwa. Faili lake lilikuwa limelala mahali, na hakuna aliyejua ni mahali gani. Kila siku ya wageni Mélanie alipanda kilima hadi gerezani na bugali yake na sombe ya majani ya muhogo, kwa kuwa mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake hulala akihesabu mbavu zake. Alikuwa akirudi amechoka, lakini anacheka, anamweleza mama yake Gentil alichosema, na Gentil alivyokonda, na Gentil alivyomshika mkono wakati wa salamu.

Mara homa ya tumbo ikamkamata Mélanie. Alidhani ni malaria, akameza dawa za malaria. Walipomfikisha hospitali, utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka. Daktari alitoka chumbani akaanza kuongea Kifaransa, na Constance alielewa kwa namna alivyokuwa akivua glavu zake.

Kabla ya hapo Mélanie alikuwa amemshika mama yake kifundo cha mkono. "Mama," alisema, "Gentil asisikie kwa mutu mwengine. Umwambie weye mwenyewe. Umwambie polepole, mukiwa munakaa."

"Nitamwambia," Constance akajibu.

Hiyo ndiyo ahadi. Hakuwa na kingine cha kumpa mtoto wake, akampa hicho.

Wakamzika Nyangezi, kando ya baba yake. Baba yake Gentil, mzee Grégoire, alikuwa Luhwindja na miguu haimbebi tena. Alituma ujumbe kwamba mama aliyeko mjini ndiye aseme. Padri aliyekuwa akihudumu gerezani alikuwa amehamishwa na mwingine hajafika. Kwa hiyo ilibaki kwa Constance. Siku ya wageni ilipofika alipika bugali na sombe, akajifunga kitambaa cheusi cha matanga kichwani, akapanda kilima. Karibu na lango alisimama nyuma ya kibanda cha muuza vocha, akakivua kitambaa kile, akakificha kifuani. Kisha akajifunga kitenge cha Mélanie, kile chenye maua mekundu. Hakutaka Gentil aone msiba kwa mbali kabla ya kuusikia kwa karibu. Mwenye kibanda, aliyemjua, alishika mdomo. Mama ambaye kaburi la mwanawe halijakauka anavaa maua mekundu! Constance mwenyewe aliona aibu, lakini alikwenda.

Gereza lile, ambalo sitalitaja, lilikuwa na sehemu mbili za kuonana. Ya kwanza ni meza, chini ya paa la bati, ambako mfungwa na mgeni wanakaa wakitazamana na kuongea kama watu. Ya pili ni waya. Waya ni nyua mbili, wafungwa nyuma ya mmoja, wageni nyuma ya mwingine, na katikati ujia ambamo mlinzi anatembea. Pale kila mtu anapiga kelele kumshinda jirani yake. Anayeuliza habari za shamba anajibiwa habari za mtoto wa mtu mwingine. Unaweza kutangaza hapo kwamba mbuzi amezaa. Kifo huwezi kukitangaza.

Na walikuwa wameleta kanuni mpya. Meza ni kwa watu wa karibu tu, na kugusana ni mara moja: mnakumbatiana mkikutana, basi, baada ya hapo mikono juu ya meza hadi kuondoka, kwa sababu vitu vilikuwa vikipita kutoka kiganja hadi kiganja. Haya, kanuni ni kanuni. Lakini nani ni mtu wa karibu? Kwetu baba ana jina lake, mtoto lake, na kaka na dada wa tumbo moja kila mmoja lake, kwa hiyo karatasi hazisaidii. Walinzi wakajitungia kipimo chao: wanamtazama mgeni anavyosalimia. Anayemrukia mfungwa na kumkumbatia, huyo ndugu. Asiyekumbatia ni mwongo, aende waya.

Mlinzi wa mezani aliitwa Blanchard, kijana wa Kabare, amevaa vizuri, kofia imenyooka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Mama, huyu Gentil ni nani yako?"

"Ni mutoto yangu," Constance akasema. Hakudanganya. Kwao mkwe haitwi mkwe mbele ya wageni. Huo ungekuwa utovu wa adabu. Mkwe ni mtoto.

Gentil akaletwa. Alipomwona mama mkwe alisimama mbali, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu. Naye Constance akageuza bega, akatazama chini, akapiga makofi taratibu. Ilikuwa salamu nzuri kabisa. Mama yake mtaroni angeifurahia.

Blanchard aliwatazama, akacheka kwa pua. "Ah, mama! Mutoto yako iko mu gereza, unamuona, na haumukumbatie? Mama wa namna gani huyo? Enda kwa waya."

"Papa, niko na neno ya kumwambia..."

"Kwa waya watu banasemaka pia."

Ndivyo alivyojikuta ameshika waya, kasukumwa huku na huku na mabega ya watu, na Gentil ng'ambo anapanua mdomo.

"Mama! Mélanie iko wapi?"

Constance, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwita hata mteja, alivuta pumzi. Alikusudia kusema kweli. Lakini kushoto kwake mtu alikuwa akipigia kelele bei ya maharage, kulia kwake mwanamke anacheka, na ile sauti ya Mélanie ikamjia: polepole, mukiwa munakaa.

"Iko na grippe!" alipiga kelele.

"Umwambie asikuje na mvua!"

"Nitamwambia!"

Alishuka kilima anajipiga kifua kwa ngumi. Amemwambia mwenye msiba kwamba mkewe ana mafua! Usiku ule hakula.

Siku ya wageni iliyofuata ikawa vilevile. Salamu ya makofi, Blanchard kutikisa kichwa, waya. Mara hii Mélanie alikuwa amekwenda Kamanyola kununua mchele. Gentil alicheka. "Ule mwanamuke! Umwambie asiniletee ule wa mawe!" Kisha akapiga kelele kwamba ametengeneza kitu katika karakana ya humo ndani, Constance akipokee langoni. Kilikuwa kigoda, kiti kifupi cha kukalia jikoni, miguu mitatu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza.

"Ya Mélanie!" aliita. "Aache kuchuchumaa kwa moto! Mugongo itamuuma!"

Constance alikibeba kichwani kushuka nacho. Watu wa njiani walimwambia ni kizuri. Alifika nyumbani akakiweka kando ya mafiga, akakaa sakafuni akikitazama, na hakuna mtu aliyeweza kumfanya akikalie. Alilia kwa sauti mara ya kwanza tangu maziko.

Mara ya tatu alifika mapema na kuusimamia mlango wa meza, ambako karatasi ya kanuni ilikuwa imebandikwa. Ilikuwa ya Kifaransa. Kando yake alisimama msichana mmoja, Chancelle, midomo imepakwa rangi, anatafuna chingamu. Wote pale walimfahamu. Juma moja alimkumbatia mfungwa mmoja akimwita kaka. Juma jingine akamkumbatia mwingine, naye kaka. Na kila mara alimalizia kwenye meza ya ukutani, ya mtu mmoja aitwaye Guy, mwenye saa ya kung'aa na urafiki na wakubwa, ambaye alikaa mezani hata wengine walipoamriwa kuondoka.

"Binti yangu, unisomee," Constance akamwomba.

Chancelle akasoma haraka. "Baba, mama, bibi ao bwana, batoto, bandugu. Basi."

"Na mama ya bibi?"

"Belle-mère? Haiko. Juu ya nini? Weye ni belle-mère?" Msichana akaacha kutafuna. Hakuwa mpumbavu. Alimtazama Constance juu hadi chini, kile kitenge cha maua mekundu, yale macho yaliyovimba. "Mama. Bibi yake iko wapi?"

Constance alitazama huku na huku. Wafungwa wawili walikuwa wakifagia karibu, na maneno ya langoni huingia ndani kabla aliyeyasema hajamaliza. Alilivuta tu shati lake kidogo, pindo la kitambaa cheusi likaonekana kifuani.

"Ee Mungu," Chancelle akasema taratibu. Kisha akamsogelea. "Sikia, mama. Usimwambie Blanchard weye ni belle-mère, atakufukuza. Umukumbatie tu. Ni comédie, mchezo wa kuigiza tu. Unamushika hivi, unahesabu moja, mbili, unaacha. Hapa mwenye kukumbatia njo ndugu. Miye niko na bakaka mingi hapa, na hakuna hata moja mwenye najua jina ya mama yake."

"Ni mukwe yangu," Constance alisema, kana kwamba msichana hakusikia vizuri.

"Najua, mama."

"Siwezi kumugusa."

"Basi utamwambia kwa waya."

Jambo hilo nimelifikiria mara nyingi, na bado damu inanichemka. Msichana mwenye kaka za bandia anapita akitabasamu. Mama ambaye heshima yake ndiyo ushahidi wa undugu wake anafukuzwa kwa sababu ya heshima hiyohiyo. Na aliyeandika kanuni pengine alijiona mtu wa haki, kwa kuwa aliandika sawa kwa wote.

Blanchard akaita jina la Gentil. "Mama, leo utasalimia mutoto yako, ao utasimama tena pale sawa muti?"

"Nitamusalimia," Constance akasema.

Gentil aliingia, akasimama mbali mahali pake pa siku zote, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi. Constance hakupiga makofi. Alianza kutembea. Gentil aliona miguu yake inakuja, akadhani anapita, akampisha. Miguu ikamfuata. Akainua uso, na ilikuwa mara ya kwanza tangu amwoe Mélanie kwamba wale wawili walitazamana machoni.

"Mama, hapana," alisema. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga nguzo. "Mama, unafanya nini?"

Constance akamkumbatia. Hakujua aweke wapi mikono; hajawahi kumshika mwanamume mzima hadharani, hata mumewe. Akaishika mabegani, ikateremka, akaifunga mgongoni. Gentil alikuwa amekakamaa kama ubao. Alinuka unga wa mbao na jasho la watu wengi. Constance aliona aibu iliyomchoma toka nyayoni hadi kwenye mizizi ya nywele, akafumba macho, akajaribu kuhesabu moja, mbili, kama alivyofundishwa, na hakukumbuka inayofuata.

"Voilà!" Blanchard akapaza sauti, amefurahi kwelikweli. "Sasa njo ninaona famille!"

Constance alikuwa amejiandaa kwa kila neno: wakikaa atasema hili, kisha hili, polepole. Hakuwaza kwamba hakutakuwa na haja. Kulikuwa na jambo moja tu duniani ambalo lingeifanya mikono ile imguse yeye, na Gentil alilijua mara tu ilipomgusa. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio la mama mkwe.

"Alikufa siku gani?" aliuliza.

Constance akamshika zaidi.

"Mama. Alikufa siku gani?"

Filimbi ikalia. "Inatosha! Munakaa! Mikono juu ya meza!"

Wakakaa, meza katikati, mikono minne imelala juu ya mbao. Na hapo, wakiwa wamekaa kama Mélanie alivyotaka, Constance akamweleza. Homa, dawa zisizo zenyewe, hospitali, daktari. Aliongea akimtazama usoni. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuivunja heshima, hakuona sababu ya kuokota vipande vyake. Alimwambia ahadi aliyompa Mélanie na kwa nini alidanganya. Gentil alilia bila sauti. Machozi na kamasi vilimtiririka mpaka kidevuni, naye, mtu mtiifu, hakuinua mkono kujifuta. Aliinamisha shingo akajaribu kujifuta kwa bega. Halikufika.

Mkono wa Constance ukaondoka mezani wenyewe.

Filimbi. "Meza ya pili! Mikono!"

Akaurudisha. Kwenye meza ya ukutani Guy alikuwa akicheka na mikono yake haikuonekana kabisa, wala hakuna filimbi iliyomlilia. Chancelle, aliyekaa naye, hakuwa akicheka. Alikuwa akiwatazama wao.

Blanchard alikuja, mikono nyuma. Alikuwa bado na furaha ya mtu aliyepatanisha familia, lakini uso wa Gentil ulimshtua. "Kuna nini hapa? Unalia nini?"

"Bibi yangu alikufa, chef," Gentil akasema. "Huyu mama njo ananiletea habari. Ni mama yake."

"Mama ya nani?"

"Ya bibi yangu."

Nilisema Blanchard ni mtu wa Kabare. Kule heshima hii wanaijua, ila yeye aliambiwa ni mtoto, hakuwaza ukwe. Yeye mwenyewe ameoa, na mama mkwe wake, akimwona anakuja, huingia ndani na kuongea naye kupitia dirishani. Alimtazama Constance, akamtazama Gentil, akaitazama ile nguzo ambapo walikuwa wamekumbatiana. Rangi ilimtoka. Akarudi nyuma, mkono wake unajifuta kwenye suruali, kana kwamba ni yeye aliyegusa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ulimukumbatia mukwe yako? Mbele ya watu?"

"Weye njo ulisema mwenye kukataa haiko ndugu."

Laiti Blanchard angeondoka tu, akaipuliza filimbi yake upande mwingine! Lakini mtu aliyeshtuka hukimbilia kile anachokijua, na Blanchard alichokijua ni ile karatasi mlangoni.

"Belle-mère haiko kwa règlement," alisema. "Simama, mama. Enda kwa waya. Na weye pia. Kwa waya!"

Constance hakuamini masikio yake. Alidhani anatania. Amevua ngozi yake mbele ya umati ili aruhusiwe kukaa hapa, na sasa anafukuzwa kwa sababu ni yeye! Chancelle ndiye aliyemwinua kwa kwapa, akampeleka, huku akitukana kwa Kilingala bila kumtaja mtu.

Kwenye waya kelele zilikuwa zilezile. Maharage, ada ya shule, mtu anamwita Patrice, Patrice. Gentil aliletwa upande wa pili. Alisukuma mpaka mbele, akashika waya. Kifua kilimpanda na kushuka.

"Mama!" aliita. "Kile kiti!"

Hakusikika vizuri. Chancelle akageuka akawakabili watu, mikono kiunoni. "Munyamaze!" alipiga kelele. "Munyamaze, batu! Ni kilio hapa! Yule bibi yake alikufa!"

Wa kwanza kunyamaza alikuwa mtu wa maharage. Kisha wa pembeni yake. Kimya kikaenda hivyo, bega kwa bega, kikaruka ujia, kikaingia kwa wafungwa, mpaka ikawa unasikia bati la paa linavyolia kwa jua. Wanawake walikuwa wameshika midomo. Pale wayani, ambapo hakuna aliyewahi kusikia sauti ya mtu mmoja peke yake, Gentil hakuhitaji tena kupiga kelele.

"Kile kiti, mama," alisema. "Alikikalia?"

Watu wote walimtazama Constance. Angeweza kusema ndiyo. Ingemgharimu nini? Amedanganya mafua, amedanganya mchele, papo hapo, akiwa ameshika waya uleule. Na hakuna hata mmoja pale ambaye angemlaumu. Alimtazama mkwe wake machoni.

"Hapana, mutoto yangu. Kilimukuta ameisha kwenda."

Gentil akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayepokea maelezo ya kazi.

"Alizikwa wapi?"

"Nyangezi. Kando ya baba yake. Tulimuvalisha ile robe ya ndoa."

"Ilimutosha?"

"Ilikuwa kubwa. Alikuwa amekonda."

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, kisha mwingine. Constance akatoa kile kitambaa cheusi kifuani, akajifunga kichwani mbele ya wote, bila haraka, akakikaza. Gentil akaweka viganja vyake viwili bapa juu ya waya wa kwake. Constance naye akaweka vya kwake juu ya waya wa upande huu. Katikati palikuwa na ule ujia, nafasi ya mtu mmoja kupita, na ndani yake alikuwa amesimama Blanchard, kofia mkononi, hajui aende upande gani.